Orodha za Walaji na Majina ya Vyakula

Kila mwaka ukaribiapo kwisha, watu waliosafiri na kula mikahawani huketi wakakumbuka. Hutaja vyakula vilivyowapendeza katika miezi kumi na miwili, wakavipanga cha kwanza, cha pili na cha tatu, kisha wakawatangazia wenzao. Desturi hii si mbaya. Ulimi nao una kumbukumbu zake, na mtu aliyelishwa vizuri ana deni la shukrani. Walakini lipo deni lililo kubwa kuliko shukrani, nalo ni haki. Katika orodha nyingi zinazotungwa juu ya vyakula vya pwani ya Afrika Mashariki, shukrani hutolewa kwa wingi na haki husahauliwa. Bahari husifiwa, machweo husifiwa, meza na mishumaa husifiwa, lakini chakula chenyewe hutajwa kwa jina lisilo lake.

Orodha za namna hii zina historia yake. Mwaka 1900 kampuni ya Michelin ya Ufaransa, watengenezaji wa matairi, ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari, na mwaka 1926 ikaanza kuitunuku nyota mikahawa yenye chakula kizuri. Shabaha ilikuwa biashara: mtu asafiriye mbali kutafuta chakula huyamaliza matairi yake njiani. Ajabu ni kwamba hata biashara hiyo haikuwanyang'anya wapishi majina ya vyakula vyao. Mlaji aliyekula risotto Milano huandika risotto. Aliyekula sushi Tokyo huandika sushi; haoni haya kutamka neno geni, wala haogopi kwamba msomaji wake atashindwa. Akifika Unguja, Mombasa au Lamu, kalamu ile ile hugeuka. Samaki wa kupaka huwa samaki wa kuchoma katika mchuzi wa nazi. Mahamri huwa donati za Kiafrika. Urojo huitwa mchanganyiko wa Zanzibar, tena kwa Kiingereza.

Mtu mwadilifu atauliza kosa ni la nani. Jawabu lake ni chungu. Mgeni huandika alichokisoma, naye alikisoma katika kadi ya vyakula iliyowekwa mbele yake na mwenyeji. Ni mwenyeji aliyekaa na mchapaji, akayafuta majina ya mama yake na bibi yake, akaandika maelezo badala ya majina. Alifanya hivyo kwa kudhani kwamba anamrahisishia mgeni. Kwa kweli alimnyima mgeni kile alichokifuata ng'ambo ya bahari, maana samaki wapo kila pwani na nazi zipo kila nchi ya joto. Kisichokuwapo kila mahali ni kupaka.

Na kupaka ni jambo gani? Hapa ndipo ilipo hoja kuu. Majina mengi ya vyakula vya Waswahili yanabeba amri ya kazi ndani yake. Samaki wa kupaka huchanjwa, hutiwa chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, akawekwa juu ya makaa. Tui zito, ambalo wazee huliita kasimile, hupikwa mbali pamoja na viungo na ukwaju, kisha samaki hupakwa, hugeuzwa, hupakwa tena, mpaka tui ligande juu ya ngozi yake na harufu ya moshi iingie ndani ya nazi. Jina limeyasema yote hayo kwa kitenzi kimoja. Kijana anayeajiriwa katika jiko la hoteli, akasoma kadi inayosema samaki wa kuchoma katika mchuzi wa nazi, atafanya alivyoambiwa: atamchoma samaki, atammwagia mchuzi, atampeleka mezani. Hakukosa utii, aliyekosa ni aliyelibadili jina. Baada ya miaka michache mgeni atasifu mchuzi uliomwagwa, ataupa nafasi ya kwanza katika orodha yake, na upishi wa kupaka utakuwa umekufa katika jiko lile bila ya mtu kuulilia.

Mkate wa kumimina una mashaka kama hayo. Mchele hurowekwa, husagwa pamoja na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Ndipo humiminwa katika chombo na kupata moto wa chini na wa juu. Hausukumwi wala hausukwi. Mtu akiuita keki ya wali ameupeleka katika ukoo usio wake. Urojo nao jina lake linamwambia mpishi kadiri ya uzito wa mchuzi: uwe rojorojo, usiwe maji matupu wala usiwe uji. Uchachu wake ni wa embe mbichi au ukwaju, na ndani yake huingia viazi, bajia, kachori, mishikaki na chatini. Neno mchanganyiko halimfundishi mpishi lolote. Hata jalala ni mchanganyiko.

Watetezi wa kadi hizi wana hoja tatu, nazo hazifai kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni kwamba mgeni hafahamu Kiswahili. Ni kweli, lakini hafahamu Kijapani pia, na hilo halikumzuia kula sushi. Dawa ya kutofahamu ni maelezo, na maelezo hukaa chini ya jina kama kivuli kikaavyo chini ya mti. Hakuna mwenye akili aukataye mti ili kivuli kipate nafasi.

Hoja ya pili ni kwamba Waswahili wenyewe ni watu wa kukopa, na jiko lao limejaa vitu vya Wahindi, Waajemi na Waarabu. Basi wana haki gani ya kudai majina? Hoja hii inamgeukia msemaji wake. Pilau, biriani, chapati, sambusa na haluwa vilipofika pwani, wapishi wa pwani hawakuviita wali wa kigeni na mkate wa kigeni. Waliyapokea majina pamoja na vyakula, wakayalainisha katika vinywa vyao, wakayahifadhi. Hiyo ndiyo adabu ya kukopa. Wakati huu adabu hiyo hudaiwa kwa mwenye mali, naye hupewa jina la kubandikwa. Unga mwembamba unaokunjwa juu ya kima na yai, ukakaangwa katika ukumbi wa wazi wa Forodhani, unaitwa piza ya Zanzibar, ijapokuwa haukuona tanuri wala hauna nasaba na Italia. Ndugu yake wa Mombasa huitwa mkate wa mayai, na jamaa zake wa Uarabuni huitwa mutabbaq, yaani kilichokunjwa. Muuzaji wa Forodhani halaumiwi. Yeye anatafuta riziki ya usiku mmoja. Walaumiwao ni wenye elimu na wenye hoteli kubwa, ambao wangeweza kuchagua na hawakuchagua.

Hoja ya tatu ndiyo isemwayo kwa sauti ya chini: Kiingereza huleta fedha. Dunia inaikanusha. Mwaka 2017 sanaa ya wapika piza wa Napoli iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na mwaka huo huo Malawi iliingiza nsima. Mwaka 2021 Senegal iliingiza ceebu jën, samaki na wali wake, kwa jina la Kiwolofu. Mwaka 2023 Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ziliingiza harees, chakula cha ngano na nyama kilicho ndugu wa boko-boko la pwani. Mataifa hayo yalitambua kwamba jina ni rasilimali. Kenya nayo mwaka 2021 ilitambuliwa na UNESCO kwa mfano mwema wa kuhifadhi vyakula vya asili, na Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu imo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na 2001. Kuta zina ulinzi wa dunia. Sufuria zilizo ndani ya kuta hizo hazina hata ulinzi wa kadi.

Upo msemo wa wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni humfaa mwenyeji pia. Lakini mwenyeji hupona vipi ikiwa mgeni anapokuja hukuta nyumba imefichwa? Na lugha hupona vipi? Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni heshima kubwa. Walakini lugha iliyopewa siku yake duniani ikikosa mstari wake katika kadi ya chakula mjini kwao, heshima hiyo ni kilemba bila kichwa. Hotuba husemwa mara moja kwa mwaka. Watu hula mara tatu kwa siku. Neno lililoachwa na jiko halitaokolewa na kamusi, kwa kuwa kamusi hulihifadhi kasimile kama makumbusho yahifadhivyo ngao: lipo, lakini hakuna mkono unaolishika.

Yanayotakiwa si makubwa. Wenye hoteli waandike jina la chakula kwanza, kwa herufi zilizo kubwa, na maelezo chini yake kwa lugha yoyote waipendayo. Vyuo vinavyofundisha upishi vifundishe kifumbu, mbuzi ya nazi na kasimile pamoja na majina ya michuzi ya Ulaya. Idara za Kiswahili ziwapeleke wanafunzi kwa mamantilie na kwa bibi wa mitaani wakayaandike majina na kazi zake, kabla wenye maarifa hawajaondoka. Nao watungao orodha za mwisho wa mwaka, hao waliokwisha kula na kushiba, waulize neno moja kabla ya kunyanyuka mezani: hiki chaitwaje kwenu? Swali hilo halina gharama. Likiulizwa na wageni mia, mwenye hoteli atalichapa jawabu.

Mpishi wa pwani hapungukiwi na sifa. Sifa anazo za kutosha kujaza kurasa. Amepungukiwa na kutajwa. Mtu humsifu hata mpita njia asiyemjua, lakini humtaja aliyemheshimu. Orodha inayokisifu chakula bila ya kukiita jina lake imekula na haikulipa.