Paka wa maktaba abaki, lakini tumchane

Kwa majuma matatu sasa, mabishano kwenye baraza la kitivo chetu hayahusu mitihani wala ada. Yanahusu paka. Ni yule wa kijivu aliyeletwa katika ghala la maktaba baada ya panya kutafuna kingo za memwari za zamani, zile zilizopigwa kwa taipu ambazo hazina nakala nyingine popote. Panya wamepungua, na juu ya hilo hakuna anayebisha. Lakini manyoya yamejaa kwenye viti. Siku ya utetezi wa memwari, mwalimu mmoja alisimama mbele ya watu na koti jeusi lililogeuka nusu kijivu. Zito kuliko yote, kuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye pumu ambaye sasa anasomea nje, chini ya mti, hata mvua ikinyesha.

Kwa hiyo wapo wanaosema paka aondoke. Wengine wanasema aachwe kama alivyo, na hoja yao nimeisikia mara nyingi: “Bakoko betu habakuchanaka paka.” Ni kweli, hawakuwachana. Paka wa bibi yangu alilala jikoni nje, akashinda shambani, na manyoya yake yalianguka kwenye majani, yakachukuliwa na upepo. Sisi tumemfungia paka ndani ya kuta nne pamoja na viti vya kitambaa na watu arobaini wanaovuta hewa moja. Tumebadilisha nyumba yake, halafu tunataka kazi yetu ibaki ile ya bibi.

Nasema haya kama mtu mwenye paka. Nakaa na mwenzangu katika chumba kimoja Kadutu, na nimemchana paka wetu kwa miaka miwili.

Kwanza neno, maana sisi ni watu wa lugha. Tangazo lililobandikwa mlangoni lilisema paka “ananyonyoka”, na siku hiyo hiyo watu wawili waliniuliza kama ana ugonjwa wa ngozi. Hawakukosea. Kunyonyoka kunakwenda na kunyonyoa, kazi tunayomfanyia kuku kwenye maji ya moto, kwa hiyo aliyenyonyoka tunamwona ana mabaka ya ngozi tupu. Paka wetu hana mabaka. Manyoya yake ya zamani yanapukutika kama majani na mapya yanaota mahali pale pale. Nyoka hujivua gamba, jani hupukutika, kuku hunyonyolewa; Kifaransa kinatosheka na neno moja, mue, kwa nyoka, kwa ndege, kwa paka, hata kwa sauti ya kijana anayebalehe. Tangazo lingesema “anapukutisha manyoya”, nusu ya hofu isingekuwepo. Na kama siku moja tutaona kweli mabaka yasiyo na manyoya, au paka anajikuna mpaka damu itoke, hapo neno la kwanza litakuwa sahihi, na itabidi kumwita daktari wa mifugo.

Vitabu vya Kifaransa nilivyosoma vinasema paka hupukutisha zaidi majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, kwa sababu mwili wake unafuata urefu wa mchana. Hapa Bukavu tuko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki nusu saa. Paka wangu sijamwona akingoja msimu wowote. Anapukutisha kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo tusijidanganye kwamba mambo haya yatapita Desemba ikifika.

Kazi yenyewe ni ndogo. Paka wetu wa hapa wana manyoya mafupi. Dakika kumi, mara mbili kwa juma, zinatosha. Mimi hutumia chanuo la meno ya karibu karibu, kisha napitisha glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, ambayo inakusanya manyoya yaliyolegea kuliko brashi yoyote niliyonunua sokoni. Naanza kichwani kuelekea mkiani, kwa kufuata manyoya yanavyolala. Tumbo naligusa mwisho, na akianza kupigapiga mkia naacha, kwa sababu baada ya mkia hufuata kucha. Nafanya nje, siyo chumbani. Manyoya ambayo chanuo halikuyatoa, paka atayatoa mwenyewe: ulimi wake una vijiba vigumu vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo anayoyanasa huyameza, na mengine huyatapika yakiwa bonge. Bonge hilo nimelikuta juu ya noti zangu za fonolojia.

Chakula pia kina sehemu yake. Paka anayelishwa bugali mtupu huwa na manyoya makavu yasiyong’aa, kwa kuwa mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama. Vichwa vya sambaza vinavyotupwa kantini vingemsaidia. Na tafadhali, anayetaka kumtibu viroboto asimpake petroli, wala asimnyunyizie dawa ya mbwa. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, na hiyo inaweza kumwua paka. Nimeona mtu akiileta ghalani kwa nia njema kabisa.

Sasa nirudi kwa yule ndugu mwenye pumu, kwa sababu hapa nilikosea. Mwenzangu wa chumba alipoanza kukohoa usiku, nilimwambia kwamba yale ni manyoya tu, nitafagia. Nikafagia kwa fagio kavu kila asubuhi, na kikohozi kikazidi. Baadaye nilielewa kwamba kinachowadhuru watu hao si unyoya wenyewe. Ni protini iliyomo katika mate na katika tezi za ngozi ya paka. Anapojilamba, mate yanakaukia juu ya manyoya, kisha vumbi lake jembamba linaelea hewani kwa muda mrefu. Fagio kavu linalirusha juu tena. Tangu hapo nafuta sakafu kwa kitambaa chenye maji, blanketi nalifua kila juma, mwenzangu hamshiki paka wakati wa kumchana, na paka analala jikoni. Kikohozi kimepungua. Hakijaisha, na sitamdanganya mtu kwamba chanuo ni dawa ya pumu.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema aachwe kama alivyo. Ghala lina mlango, ufungwe. Paka akae upande wa memwari, kwenye panya, na chumba cha kusomea kiwe marufuku kwake hata akilia. Viti vya kitambaa vibadilishwe na vile vya mbao vilivyorundikwa nyuma ya oditoire. Sakafu ifutwe kwa maji kabla ya saa mbili, na afanyaye hivyo asiwe yule yule mama wa usafi ambaye tayari ana madarasa manane peke yake. Kila promosheni itoe watu wawili kwa juma, wa kuchana na wa kufuta. Kama baada ya mwezi mmoja ndugu yetu bado hawezi kukaa ndani saa moja bila kubanwa kifua, paka ahamie kwangu Kadutu, nami nitakuwa wa kwanza kubeba kikapu, na tutafute njia nyingine ya kupambana na panya.

Chanuo la pili ninalo, na Jumatano mchana sina somo.