Kuaminiana Huzaliwa Kazini

Hapa Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, twajua jinsi hofu inavyowatenga majirani. Tarehe 13 Juni 2022, wapiganaji wa M23 walipouteka mji huu, watu wengi walivuka kwenda Kisoro na mizigo yao kichwani. Mkimbizi hujiuliza rohoni: Nimwamini nani? Na wengi hujijibu: Wa kabila langu tu. Jibu hilo laonekana kuwa busara, kumbe ni sumu.

Sikilizeni basi habari za vijana wa nchi jirani ya Burundi. Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita ikawaka kati ya Wahutu na Watutsi. Katika Seminari Ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, wanafunzi wa pande zote mbili walikuwa wakikaa pamoja, na huku nyumbani jamaa zao wakifa. Mkuu wao, Padre Zacharie Bukuru, hakuwatenga. Walilala katika mabweni yale yale, wakala pamoja, wakacheza mpira na ngoma, wakasali pamoja. Tena waliruhusiwa kusema wazi juu ya vita na uchungu wao, kila mmoja akisikilizwa na wenzake.

Hekima hiyo ni kubwa. Mtu haujui moyo wa mwenzake kwa kuambiwa tu kwamba ni mwema. Humjua anapolima naye shamba moja, anapompa mpira naye akaurudisha, anapomweleza huzuni yake naye asiicheke. Mambo hayo ni madogo, lakini yakirudiwa kila siku huwa kama mawe ya msingi.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia mabwenini, wakaamuru Wahutu wakae huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa kutengana. Basi wakashambuliwa wote pamoja, wakafa 40. Mwaka 2019 Kanisa lilianza kuchunguza habari zao, ili wapate kutangazwa wenye heri.

Labda msomaji atasema: Kuaminiana kwao kuliwaletea kifo. Ni kweli, amri ile ilikuwa na njia ya kuokoka. Lakini bei yake ilikuwa kumtoa auawe yule aliyelala kitanda cha pili. Urafiki wa mpira na jembe ni mwema, lakini peke yake haufiki mbali hivyo. Hapo yahitajika imani, imwonyeshayo Mkristu kwamba mwenzake ni kiungo cha mwili mmoja na yeye, kama alivyofundisha Mtakatifu Paulo.

Enyi wazazi, msimkataze mtoto kucheza na mtoto wa kabila jingine. Mara nyingi chuki huanza kwa maneno machache yasemwayo jikoni. Nanyi walimu, mwapangapo kazi ya bustani au ya kufagia darasa, changanyeni vikundi. Nanyi wanafunzi, ukipewa siri ya mwenzako, itunze. Ukipewa zamu, itimize. Usiku wa majaribu haumfundishi mtu kuaminiana; huonyesha tu yale aliyojifunza mchana. Mchana wetu ni huu, na Mungu atujalie kuutumia vema.