Uanaume Wanaouzungumzia Si Ule wa Babu Zetu

Kwa miaka kadhaa sasa, kila Jumamosi maelfu ya vijana wa Kenya hufungua simu kusoma mawaidha ya Amerix, mshauri wa mitandaoni, kuhusu uanaume. Huku kwetu Meru na Embu mawaidha ya namna hiyo hayabaki kwenye simu. Hushuka hadi kwenye steji za bodaboda, yakaingia harusini na redioni, na yakifika huko huwa yameshavishwa joho la mila: kwamba hivi ndivyo mwanaume wa Mlima Kenya alivyokuwa tangu zamani, mkali, kimya, asiyeulizwa. Mimi ni mtoto wa Runyenjes, nimelelewa na wazee ambao hawakuwa hivyo. Nataka kuyajibu madai haya moja moja kwa sababu wanaoyaamini ni wana wetu.

Wanasema hasira ya Mmeru iko damuni. Tangu enzi za kipindi cha vichekesho cha Churchill Show, mchekeshaji anayetaka kicheko cha haraka huigiza lafudhi ya Kimeru, hutafuna miraa na kutishia watu kwa panga. Ukumbi huangua kicheko, na jambo huisha hapo kwa waliolipa kiingilio. Huku nyumbani haliishi. Nimesikia "unajua Wameru walivyo" ikisemwa matangani, mwili wa mama wa watoto watatu aliyeuawa ukiwa bado mochari. Kwa sentensi hiyo moja, kosa la mtu aliyeamua kuua likawa la kabila zima, na likiwa la kabila zima halina wa kulijibia.

Damu gani hiyo? Jamii hiyohiyo ndiyo iliyounda Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, na mzee hafikishwi huko kwa ukali wake. Hupimwa kwa miaka, kama anaweza kukaa na ugomvi wa mpaka wa shamba kutwa nzima, akasikiliza upande huu na ule, kisha akatoa neno ambalo hata aliyeshindwa ataondoka nalo bila kinyongo. Makosa yalilipwa kwa mbuzi na ng'ombe, na kesi nzito zilimalizwa kwa kiapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, imezitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na njia hizo si ngeni kwa Wameru. Watu wenye hasira ya kuzaliwa hawajengi baraza la namna hiyo. Panga nalo ni chombo cha kukatia majani ya ng'ombe, na kila boma linalo kwa sababu kila boma lina shamba.

Dai la pili ni pacha wa hilo la kwanza: kwamba yanayotendeka nyumbani kwa mwanaume ni yake, jirani na askari wakae mbali. Hili limeshajibiwa Meru kwenyewe. Tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi katika kesi ya wasichana 11 na shirika la Ripples International, lililokuwa likiwahifadhi watoto walionajisiwa, wengi wao na watu wa karibu nao. Kesi hiyo inajulikana kama ya "wasichana 160", kwa kuwa hao 11 waliwasemea na wenzao. Mahakama ilisema polisi, kwa kupuuza malalamiko ya watoto hao, walivunja haki zao za kikatiba, na ikaamuru uchunguzi ufanywe ipasavyo. Wasichana wa huku walikwenda mbele ya jaji kusema kwamba ukuta wa nyumba hauwezi kuficha kosa, nao wakashinda. Kila baba wa Meru anapaswa kuijua tarehe hiyo.

La tatu: mwanaume halii. Hili nalijua kwa mwili wangu. Nilitahiriwa Desemba, nikiwa na miaka 14, nikawekwa kwenye chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya mjomba. Usiku wa tatu kidonda kilifura. Nilijua kuna tatizo, lakini walezi wawili vijana waliokuja kunitazama walikuwa wamelewa na walishaniambia kwamba atakayelalamika ataitwa mtoto mpaka azeeke. Nilinyamaza siku mbili. Aliyeniokoa ni babu. Aliingia asubuhi na uji, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akanitazama usoni kabla ya kutazama kidonda, akauliza kwa sauti ya chini, "Inauma?" Nikalia. Hakunikemea. Alituma mtu alete bodaboda, tukaenda hospitalini.

Baadaye aliniambia kwamba enzi zao mvulana alitakiwa kuuvumilia ukali wa kisu mbele ya umati, basi. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya mlezi, mtu mzima aliyechaguliwa na baba kwa tabia yake, kumwosha, kumlisha na kumfundisha jinsi ya kuishi na watu. Ujasiri ulidaiwa dakika chache na matunzo yakafuata kwa wiki nyingi. Sisi tumebaki na dakika zile tu, tukazifanya ziwe maisha mazima, na pale pa mlezi tukaweka chupa.

Sasa nije kwenye dai ambalo lina chembe ya ukweli, nami sitaki kulipita mbio: msichana ameinuliwa, mvulana ametupwa. Ni kweli vijana wa kiume wa huku wanaumia. Nenda Igembe au Tigania alfajiri, uone ni nani wako juu ya miti ya miraa. Ni wavulana, wengine wa umri wa kuwa darasani, kwa sababu ni wepesi na tawi linawabeba. Wanachuma, vibunda vinafungwa kwa majani ya mgomba, na pikapu zinaondoka kwa kasi ya kutisha kuelekea Nairobi kabla majani hayajanyauka. Pesa inatolewa siku hiyohiyo. Mtoto wa miaka 13 mwenye noti mfukoni ni vigumu kumrudisha kwenye hesabu za sehemu. Kisha Uingereza ikapiga marufuku miraa Juni 2014, bei zikaanguka, na waliokuwa wameacha shule wakabaki hawana soko wala cheti. Mwezi mmoja kabla yake, Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua watu wengi Embu na kaunti nyingine. Wengi wa waliozikwa walikuwa wanaume.

Basi nioneshwe msichana yuko wapi katika hayo. Hakumpandisha kaka yake mtini wala hakuchanganya methanoli. Aliyemlipa mtoto ni mtu mzima, aliyeuza sumu ni mfanyabiashara, na aliyeacha baa ifunguliwe asubuhi ana ofisi na mshahara. Anayemwambia kijana kwamba adui yake ni karo ya dada yake anawaficha watu hao wote. Namwonea uchungu kijana huyo kuliko wanavyomwonea wanaomhubiria, na ndiyo maana sikubali adanganywe.

Eti mwanamke hawezi kutawala huku? Agosti 2022 wapigakura wa Meru walimchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru, wakamwacha gavana aliyekuwa madarakani, Kiraitu Murungi. Embu ikamchagua Cecily Mbarire. Nchi nzima ilipata magavana wanawake 7, wawili kati yao kutoka kwetu. Mwangaza aliondolewa baadaye: Seneti iliidhinisha hoja ya tatu dhidi yake Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikakubaliana nayo Machi 2025. Sitetei rekodi yake, kwa kuwa tuhuma za uongozi zina mahali pake pa kuamuliwa. Ninachokataa ni yale ya sokoni, ambako gumzo mara nyingi halikuwa bajeti bali mumewe, kwamba mwanaume gani humpigia mkewe gitaa jukwaani. Masimulizi ya Waembu wenyewe yanamtaja Cierume, mwanamke aliyesifika kwa vita.

Kuhusu dai kwamba kijana mwenye nywele ndefu si mwanaume kamili, itazameni picha ya Musa Mwariama, jemadari wa Mau Mau kutoka Meru, akiwa na nywele zake ndefu kando ya Jomo Kenyatta.

La mwisho ni kwamba mila haigusiki. Mwaka 1956 baraza la wilaya ya Meru, likiungwa mkono na Njuri Ncheke, lilipiga marufuku ukeketaji. Wanaume waliifuta kwa azimio desturi ambayo leo tungeambiwa haigusiki, bila kuwauliza wanawake. Wasichana wengi wakaingia vichakani na nyembe za dukani kujikeketa, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe, na katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Marufuku ilikuwa sahihi, na sheria ya 2011 imeithibitisha. Ila mila ilishabadilishwa na wazee wenyewe, mchana kweupe, na inaweza kubadilishwa tena, safari hii kwa kuwasikiliza inaowahusu.

Desemba inakuja na vyumba vya jando vitajaa tena kuanzia Maua hadi Siakago. Baba, mjomba, babu, usimwachie kijana wako walevi. Ingia asubuhi na uji, keti, muulize kama inauma, na umngoje ajibu.