WATOTO WAANDIKE, WASINAKILI TU

Tarehe 23 Septemba, 1964, Serikali ya Mapinduzi chini ya uongozi wa marehemu Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila ya malipo Visiwani. Milango ya skuli ikafunguka kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi sawasawa na kwa wengine. Matunda ya uamuzi ule yanaonekana wala hayana ubishi. Lakini kuingia skuli ni jambo moja, na kutoka huko ukiwa unaweza kusoma kitabu kwa hiari yako na kuandika fikra zako mwenyewe ni jambo jengine.

Katika madarasa ya kati, yaani kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili, kazi kubwa ya mwanafunzi katika kipindi cha lugha mara nyingi huwa ni kunakili. Mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hujaza daftari. Insha hutolewa mara chache, tena kwa anwani ambayo mtoto hakuichagua, na humrudia imejaa wino mwekundu. Matokeo yake ni kijana aliyefaulu mitihani lakini akawa anatafuta mtu wa kumwandikia barua ya kuomba kazi.

Sisi tunaona kuwa wakati umefika wa kuligeuza darasa la lugha liwe warsha. Neno hili limezoeleka kwetu kwa maana ya mkutano wa siku mbili wenye chai na posho. Hatukusudii hiyo. Tunakusudia karakana, pahala pa kazi. Anayejifunza kuchonga milango ya nakshi hakalishwi akasomewa sifa za patasi. Hupewa patasi na kipande cha mbao, akakosea, na fundi akamsogelea kumwonesha.

Utaratibu wake ni mwepesi. Vipindi viwili huunganishwa. Mwalimu hufundisha jambo moja tu kwa muda wa dakika kumi, kwa mfano namna ya kuanza habari au pahala pa kuweka nukta. Kisha kila mwanafunzi huandika au husoma alichokichagua mwenyewe, na mwalimu hupita akikaa na mmoja mmoja na kumwuliza, "Hapa ulitaka kusema nini?" Mwisho, mmoja au wawili huwasomea wenzao. Rasimu haisahihishwi kila kosa kwa mara moja. Huchaguliwa makosa mawili, yakarekebishwa, na kazi ikaandikwa upya.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Huko Marekani, Bi Nancie Atwell, aliyekuwa akisomesha skuli ya kati katika jimbo la Maine, alilieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1987. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kupata tuzo ya kimataifa ya ualimu ya dola milioni moja, naye akazitoa fedha hizo kwa skuli aliyoiasisi.

Yatasemwa mengi. Itasemwa kuwa madarasa yetu yamejaa. Ni kweli, lakini mwalimu mwenye wanafunzi 60 akikaa na 10 katika kila warsha, baada ya warsha sita atakuwa amemfikia kila mmoja. Itasemwa kuwa mtaala hautamalizika. Je, ufahamu na insha si sehemu ya mitihani hiyo hiyo? Itasemwa kuwa vitabu hakuna. Sanduku moja la vitabu linaweza kuzungushwa baina ya madarasa, na hata gazeti lililokwisha kusomwa nyumbani lina kazi darasani.

Visiwa hivi vina sababu zaidi ya kulishughulikia jambo hili. Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Hapa ndipo walipotoka Mohammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed, Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, na hapa ndipo alipozaliwa Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mtoto wa Makunduchi, Tumbatu au Kojani ana habari za kuandika: dema na ngalawa, mwani, msimu wa karafuu. Aachiwe aziandike kwanza kwa maneno ya kwao, na usanifu ufuate katika rasimu ya pili. Mtoto anayechekwa kwa lafudhi yake kabla hajamaliza sentensi hataimaliza.

Kwa hiyo tunaishauri Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kwa kushirikiana na Taasisi ya Elimu Zanzibar, iteue skuli chache Unguja na Pemba, izipe vipindi viwili vilivyoungana kila wiki na sanduku la vitabu, na iwakutanishe walimu wao katika vituo vya walimu ili wapeane uzoefu. Wakaguzi nao wasipime kazi ya mwalimu kwa wingi wa kurasa zilizonakiliwa. Wazee nyumbani, kwa upande wao, wamsikilize mtoto anaposoma alichokiandika, hata kama ni mistari mitano tu.

Samaki mkunje angali mbichi. Watakaoandika barua, ripoti na sheria za nchi hii kesho wako madarasani leo. Tuwape kalamu waitumie.