Bunduki yenye sailensa si bubu

Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili anayeishi Uthiru ameniletea swali ambalo yamkini limewahi kuzua ubishi kwako nyumbani pia. Usiku mmoja kulisikika mlio mkali upande wa Waiyaki Way. Baba yake akasema ni bunduki. Jirani akashikilia kuwa ni matatu iliyopasuka moshi ekzosini. Mama, aliyekuwa jikoni, hakusikia lolote. "Je, yawezekana ilikuwa bunduki yenye sailensa?" anauliza. Kisha anaongeza jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu: kaka yake anatarajia kwenda Kiganjo kufunzwa upolisi, naye amewaambia wazazi wasihofie masikio yake, kwa kuwa bunduki ikifungwa sailensa hunyamaza kabisa.

Hapa tumepotoshwa na filamu. Jasusi anafyatua, inasikika "pfyu", mlinzi anaanguka na mbwa wa nyumba ya pili hata habweki. La hasha! Mambo hayaendi hivyo.

Risasi inapofyatuliwa, baruti huungua na kuzaa gesi yenye joto na nguvu nyingi mno. Gesi hiyo ikitoka ghafla mdomoni mwa mtutu hupasua hewa, na huo ndio mshindo tunaousikia. Sailensa ni bomba lenye vyumba vidogo vidogo ndani. Gesi huzungushwa humo, ikatanuka, ikapoa na kutoka polepole. Fundi yeyote wa magari atakuambia kuwa sailensa ya gari hufanya kazi iyo hiyo.

Lakini risasi yenyewe haizuiwi. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi ya G3, bunduki ambayo askari wetu wameibeba kwa miaka mingi, hutoka kwa mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya maradufu. Kitu kinachoipita sauti hupasua hewa njia nzima kinakopita, na mlio wake ni kama wa mjeledi mkubwa. Hakuna bomba linaloweza kuuzuia, kwani risasi imekwisha kuondoka. Ni zile risasi za mwendo wa pole tu, kwa mfano baadhi ya zile ndogo za .22, ambazo huukwepa mlio huo.

Sasa tupige hesabu. Mazungumzo ya kawaida sebuleni ni desibeli 60 hivi. Mlio wa bunduki kubwa, karibu na sikio la mpigaji, huzidi 160. Sailensa nzuri hupunguza kati ya 20 na 35. Usidhani huo ni upungufu mdogo, kwa sababu desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikishuka 10, nguvu ya sauti hubaki sehemu moja tu ya kumi, kwa hiyo zikishuka 30 hubaki sehemu moja ya elfu. Hata hivyo, toa 30 kutoka 165 nawe utabaki na 135. Wataalamu huchukua 140 kuwa mpaka wa hatari kwa mshindo wa ghafla, na kwa watoto Shirika la Afya Duniani limewahi kuuteremsha hadi 120. Kinachotuhadaa ni kwamba mshindo huo hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Akili haiwahi kuupima sawasawa, ilhali sikio limekwisha kuumia.

Historia ya chombo hiki inapita karibu na Uthiru kuliko unavyofikiri. Mwaka wa 1884 Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, aliunda ile bunduki ya rashasha ambayo Waswahili waliita bombomu, jina lililotokana na mlio wenyewe. Mwaka wa 1890 Lugard alipitia Dagoretti akielekea Uganda na bombomu kuukuu ya Maxim katika msafara wake, na ndipo alipoapishana na Waiyaki wa Hinga, yule ambaye barabara yetu ina jina lake. Maxim mwenyewe, kwa kukaa miaka mingi karibu na silaha zake, alikufa akiwa kiziwi. Na ni mwanawe, Hiram Percy, aliyepata hataza ya sailensa ya bunduki nchini Marekani mwaka wa 1909!

Leo katika nchi kama Norwe na Ufini, wawindaji hufunga sailensa kama jambo la kawaida, kwa ajili ya masikio yao na utulivu wa majirani. Hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hukihesabu kifaa hicho kuwa silaha chenyewe, kwa hivyo si kitu cha kununuliwa kwa fundi.

Kuhusu ule ubishi wa nyumbani, siwezi kuuamua nikiwa hapa. Nijuacho ni kwamba bunduki ya kivita yenye sailensa bado ingesikika mtaani, na kwamba ekzosi ya matatu hulipuka vizuri tu petroli isiyoungua ikishika moto ndani ya bomba. Mama huenda alizuiwa na kelele za sufuria.

Ama huyo kaka, atakuwa amelala kwenye mstari wa kulenga shabaha, na bunduki ya mwenziwe iko kando ya sikio lake. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Huanza kupotea sauti nyembamba, za ndege na za watoto. Pamba ya dukani haitamsaidia. Atumie vizibo vya sponji: akisokote kizibo kiwe chembamba, avute sikio juu kwa mkono wa pili, akitie, akishikilie hadi kitanuke, kisha avae vifuniko vya masikio juu yake. Vyote viwili, hata bunduki ikiwa na sailensa. Na masikio yakivuma hadi kesho yake, aende kwa daktari mara moja, asingoje likizo.