Mlinzi Aitwaye Nuru



Tarehe 24 Julai 1975 wanaanga watatu wa Marekani walikuwa wakirejea ardhini katika chombo cha Apollo, baada ya kukutana angani na wenzao wa Muungano wa Sovieti. Walipokuwa wakiteremka, mvuke wa kemikali ya injini ndogo za chombo uliingia ndani kupitia tundu la hewa. Waliuona kwa macho, nao ukawachoma mapafu. Vance Brand alizimia, mwenzake Thomas Stafford akamvisha barakoa ya oksijeni. Walisalimika, lakini ilibidi walazwe hospitalini Honolulu.

Mvuke ule ulikuwa na rangi. Ingekuwaje lau usingeonekana wala kunuka? Kaboni monoksaidi, itokayo pale moto unapokosa hewa ya kutosha, ndivyo ilivyo. Na angani hakuna dirisha la kufungua.

Kwa hiyo wataalamu wameifanya nuru kuwa mlinzi. Kila gesi humeza sehemu yake maalumu ya nuru, hasa ile isiyoonekana kwa jicho, na kuiacha nyingine ipite. Kitambuzi hupitisha mwali katika hewa, kisha hupima kilichopungua upande wa pili. Upungufu huo ni kama alama ya kidole: hueleza gesi ni ipi na ni kiasi gani. Mwaka 2007 kipimo cha aina hiyo kutoka Ulaya, kiitwacho ANITA, kilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, nacho kiliweza kutambua gesi zaidi ya 30.

Hata hivyo, mlinzi hafai kitu asiposikizwa. Januari 2015 king'ora cha amonia kililia kituoni humo. Wanaanga walihamia upande wa Warusi na kufunga mlango nyuma yao. Baadaye ilibainika kuwa ni hitilafu ya mitambo tu. Sisi hatuoni kwamba walijisumbua bure: tahadhari kabla ya hatari.

Kaboni monoksaidi hiyo hiyo hutoka katika jiko la makaa. Majumbani mwetu wengi hatuna kitambuzi, ila madirisha tunayo. Basi tusilaze watoto katika chumba kilichofungwa chenye jiko linalowaka, hata mvua ikinyesha. Na watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kushikwa na kizunguzungu kwa pamoja, watoke nje kwanza, maswali yatafuata.