Sentensi ya Kiajemi na Mwanafunzi wa Kalama

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari huko Kalama, Machakos, tulipewa orodha ya maneno ya Kiajemi yaliyomo katika Kiswahili: serikali, bandari, dirisha. Wengi wetu tulitoka darasani tukiamini kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni wa pwani, na kwamba Mkamba hana budi kuikariri kama akaririvyo kanuni za hesabu. Makala haya yanashikilia kwamba imani hiyo ni potofu, na kwamba sentensi ya Kiajemi yenyewe ndiyo inayoikanusha.

Hebu tuitazame. Mwajemi husema: Man ketab ra khandam. Mpangilio wake ni 'mimi kitabu nilisoma'. Yambwa hutangulia na kitenzi huifunga sentensi. Neno ra huonyesha kwamba kitabu hicho ni mahususi, nacho kiambishi -am, mwishoni mwa kitenzi, humtaja mtenda. Mswahili husema: Nilikisoma kitabu. Mtenda hutajwa mwanzoni mwa kitenzi, kitenzi huitangulia yambwa, na kiambishi -ki- hukirejelea kitabu.

Tofauti hudhihirika zaidi katika upatanisho wa kisarufi. Kiajemi hakina ngeli. Ketab-e khub ni 'kitabu kizuri'. Vikiwa vingi ni ketabha-ye khub. Kivumishi khub hakibadiliki. Sasa msikilize nyanya yeyote wa Kalama: mũndũ mũseo, andũ aseo. Kiswahili nacho: mtu mzuri, watu wazuri. Nyanya huyo huenda hajafundishwa ngeli hata siku moja, ilhali anazitumia bila kukosea.

Ni dhahiri, basi, kwamba Kiswahili kiliazima maneno, lakini muundo wake ulibaki wa Kibantu. Si ajabu kwamba Krapf, aliyewahi kufika Ukambani mwaka 1849, alichapisha mwaka 1850 msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki uliokiweka Kiswahili sambamba na Kikamba.

Wapo watakaodai kwamba Kikamba huharibu Kiswahili cha wanafunzi. Athari zipo, hatukatai. Mwenye kusema kĩndũ, syĩndũ huhitaji kuongozwa hadi afikie kitu, vitu. Hata hivyo, kosa la aina hiyo hurekebishwa kwa kulinganisha lugha mbili, wala si kwa kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu amezungumza lugha ya mamake.

Rai yetu kwa wahadhiri ni kwamba kozi za sintaksia zimwandae mwalimu kuilinganisha sentensi ya Kiswahili na ya lugha ya mwanafunzi wake, na hata na ya lugha ya mbali kama Kiajemi, ili tofauti zionekane. Nasi wanafunzi, tuendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, tuanzie pale mwanafunzi alipo. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Kalama miti ipo.